Uzi maalumu: Insulini na kazi ya zamu. Saa ya kula, bomba, mtungi na barua ya daktari

Kichupa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa wenye kisukari wanaojichoma insulini na bado kila siku wanasaini kitabu cha mahudhurio: walinzi, makonda, wauguzi, mafundi, watu wa viwandani na wa sokoni. Nyuzi za "nile nini" zimejaa humu. Hapa naomba tuzungumzie saa, maana anayedondoka kazini mara nyingi chakula chake kilikuwa sawa tu, alichokosea ni muda.

Tuanze na ile ya mchanganyiko 30/70, Mixtard na ndugu zake, ambayo kliniki nyingi ndiyo wanatoa. Ndani ya kichupa kimoja kuna insulini mbili. Sehemu 30 ni ya haraka: inaanza baada ya kama nusu saa na inakolea baada ya masaa mawili hadi manne. Sehemu 70 ni ya taratibu: inaanza baada ya saa moja na nusu hivi, inakolea kati ya masaa 4 na 12, na mabaki yake huweza kukaa hadi siku nzima.

Chukua mtu aliyechoma saa 12:30 asubuhi, akanywa chai saa 1. Ile ya taratibu itaanza kumvuta sukari chini kwa nguvu kuanzia saa 4:30 asubuhi mpaka saa 12:30 jioni. Ndani ya muda huo chakula cha mchana hakina hiari. Huyu mtu huwezi kumwambia "ngoja mzigo ushuke kwanza" mpaka saa 10. Sindano ya mchanganyiko ni mkataba wa saa ya kula, na msimamizi asiyejua kwamba mkataba upo atauvunja bila hata kukusudia.

Kuhusu kuvuta dawa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaharibu. Kichupa cha mchanganyiko kikikaa kinajitenga, weupe chini, maji juu. Kiviringishe katikati ya viganja mara 10, kisha kipindue taratibu mara 10, hadi weupe uwe mmoja. Usikitikise kama chupa ya sharubati, povu litaingia kwenye bomba na dozi itapungua. Usipoviringisha kabisa, leo utavuta ya haraka nyingi, wiki ijayo utabaki na ya taratibu tupu, halafu utasema "sukari yangu haieleweki".

Vuta hewa kiasi kilekile cha dozi yako, isukume ndani ya kichupa, pindua kichupa juu chini ndipo uvute dawa. Ukiruka hatua ya hewa, kichupa kinaanza kunyonya na bomba linajaa viputo. Kiputo kikiingia chini ya ngozi hakidhuru, ila kimekalia nafasi ya dawa. Gonga bomba kwa kucha, kirudishe kwenye kichupa, ongeza dawa.

Ukishachoma, nusu saa tu, sahani iwe mbele yako. Usichome ukiwa nyumbani Mbagala kwa kutegemea kula ukifika Kariakoo. Foleni haijui insulini.

Karibuni. Dozi ya mtu mwingine tusiulizane, hiyo ni ya kliniki.

---

Nesi wa Ghorofa ya Pili

Asante mkuu, umeanza vizuri. Naongezea la bomba, maana hili linaweza kuua.

Insulini zetu nyingi zimeandikwa U-100, yaani uniti 100 kwa mililita moja. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1000. Bomba lake nalo liandikwe U-100. Kwa kawaida kifuniko ni cha rangi ya chungwa. Kuna mabomba ya U-40, kifuniko chekundu, yaliyotengenezwa kwa insulini yenye uniti 40 kwa mililita. Yakiingia kwenye begi lako kwa bahati mbaya, angalia hesabu: ukivuta mpaka alama ya 20 kwenye bomba la U-40, umevuta nusu mililita. Nusu mililita ya U-100 ni uniti 50. Umejichoma mara mbili na nusu ya dozi yako na macho yako yameona 20.

Kwa hiyo dukani usiombe "bomba la insulini" ukaondoka. Geuza pakiti, soma namba.

Na anayetumia kalamu ya insulini badala ya bomba: kila sindano mpya, piga uniti 2 hewani kwanza uone tone likitoka. Ukishachoma hesabu pole pole hadi 10 ndipo uchomoe. Ukiona tone linaning'inia kwenye ncha, ulikuwa na haraka.

---

Lindo la Usiku

Wakuu, swali. Mtu anayechoma mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, halafu anapangiwa zamu ya saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi wiki moja, wiki ya pili anarudi mchana. Anafanyaje?

---

Kichupa

Swali zuri, na ndilo gumu kuliko yote humu.

Wiki yenyewe ya usiku inazoeleka. Balaa liko siku ya kubadilisha. Mtu anatoka lindoni saa 12 asubuhi, anafika nyumbani saa 1, anachoma ile dozi yake ya "asubuhi" ambayo kwa wengi ndiyo kubwa, anakunywa chai kidogo, analala. Kilele cha ile ya taratibu kinamkuta usingizini, saa 5 asubuhi kuendelea. Nyumba imetulia, watu wanasema "mwacheni apumzike". Jasho linamtoka, shuka limelowa, hakuna anayeona.

Jambo la kupeleka kliniki, na lipelekwe *kabla* ratiba haijabadilika:

Dozi kubwa ifuate mlo mkubwa, isifuate jua. Anayekesha mlo wake mkubwa uko jioni kabla ya kwenda lindoni, na mwingine katikati ya usiku. Ile ya asubuhi kabla ya kulala kwa kawaida inahitaji kupunguzwa. Kiasi gani, hilo ni la daktari akiwa na vipimo vyako vya siku tatu nne mkononi.

Alamu ya saa 6 mchana. Amka, pima sukari kama kijiti cha kupimia kipo, kula, rudi kulala. Ni usumbufu, lakini ndiyo bei ya mchanganyiko.

Kama zamu zinageuka kila wiki, uliza kama unaweza kutenganishiwa: ya taratibu peke yake na ya haraka peke yake. Sindano zinaongezeka, ila ya haraka unaichoma pale tu unapokula, mlo ukichelewa nayo inasubiri. Ukitenganishiwa na ukataka kuzichanganya kwenye bomba moja, anza kuvuta ile iliyo angavu (ya haraka), kisha ile ya maziwa (ya taratibu). Ukigeuza, chembe za maziwa zitaingia kwenye kichupa cha angavu na utakiharibu chote.

---

Kavu Dodoma

Mimi nataka kusemea uhifadhi. Si kila mtu ana friji, na mwenye friji ana umeme wa kuja na kuondoka.

Mtungi wa vyungu viwili unafanya kazi. Chukua chungu kikubwa na kidogo, vyote visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, kwa sababu maji lazima yatoke kwenye vinyweleo vya udongo. Weka mchanga chini ya kikubwa, kalisha kidogo juu yake, jaza mchanga pembeni nafasi ya vidole viwili vitatu. Mwagia mchanga maji mpaka ulowe, funika kwa kitambaa kibichi. Kaa nacho kivulini penye upepo, siyo ndani ya kabati. Maji asubuhi na jioni.

Kichupa kikae kwenye kopo kavu lenye kifuniko, halafu kopo ndani ya chungu kidogo. Ukikiacha wazi lebo inavimba na kubanduka, baada ya wiki hujui hiki ni kipi na kilifunguliwa lini.

---

Mwana wa Mwambao

Hiyo ya mtungi ni ya kwenu huko bara kukavu mkuu. Huku Tanga masika hewa yenyewe ina maji, mchanga hauyeyushi chochote. Watu wanaweka kichupa kwenye kopo la barafu, mambo yanaisha.

---

Duka la Dawa Baridi

Mwambao, sehemu ya kwanza uko sahihi. Mtungi unapoza kwa sababu maji yanaondoka na joto. Hewa ikishashiba maji, kazi inapungua. Pwani utapata nafuu ndogo, bado ni bora kuliko bati la dirishani.

Sehemu ya pili, hapana. Insulini ikigusana na barafu inaganda, na ikishaganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Hili ndilo linalowaponza wengi: iliyoungua na joto inapungua nguvu taratibu, iliyoganda unaitupa palepale. Barafu ikitumika ifungwe kwenye taulo, kichupa kwenye kopo lake, na kati yao kuwe na nafasi. Nyumbani kwenye friji kikae mlangoni au rafu ya kati, mbali na chumba cha barafu.

Vipimo vya kukariri: ambacho hakijafunguliwa, nyuzi joto 2 hadi 8. Ukishakifungua au kukitoa kwenye ubaridi huo, hesabu siku 28, kisizidi nyuzi 30 kadiri unavyoweza. Baadhi ya vikaratasi vya ndani vinaruhusu zaidi kidogo, fuata cha kwako. Mtungi haukupi 2 hadi 8, kwa hiyo kilichomo mtungini kihesabu kama kilichofunguliwa. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito.

Sasa hesabu ya mfukoni. Anayetumia uniti 45 kwa siku, kichupa cha 1000 kinamwishia siku ya 22, hana shida. Anayetumia 20 kwa siku, siku ya 28 atakuwa ametumia 560, na 440 bado zimo. Hapo ndipo mtu anasema "nimalizie tu", sukari inapanda wiki ya sita, daktari anamwongezea dozi, mwezi unaofuata anafungua kichupa kipya chenye nguvu zake zote na ile dozi iliyoongezwa inamwangusha. Kama dozi yako ni ndogo, uliza kuhusu katriji za mililita 3 na kalamu yake, zina uniti 300 tu kila moja.

Kwa wanaoogopa joto kupita kiasi: mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na joto halisi la nyumba za kambi ya Dadaab, kaskazini mwa Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini walizojaribu zilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Hiyo haina maana uiweke popote. Chini ya kiti cha bodaboda, kwenye dashibodi, mfuko wa suruali wa mtu anayechomelea, huko ni zaidi ya 37.

Ya kwenda nayo kazini: chupa ya chai yenye mdomo mpana. Isuuze kwa maji baridi, ikaushe kabisa, tia kopo la kichupa, funga. Ukikuta ile angavu imekuwa na ukungu au nyuzinyuzi, au ile ya maziwa ina mabonge yaliyoganda ukutani hata baada ya kuviringisha, usijaribu bahati.

---

Fundi Mabati

Swali kwa wataalamu. Mwenzetu akishuka sukari juu ya kenchi tunafanyaje? Tumezoea kumpa pipi ya chokoleti.

---

Nesi wa Ghorofa ya Pili

Chokoleti weka pembeni, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Na kabla ya chochote, ashushwe, au afungwe mkanda pale alipo. Kwanza asianguke.

Dalili kazini: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Zikizidi anakuwa mbishi, anakosea vipimo alivyozoea, anarudia swali moja. Wengi wanadhani amekunywa. Anayetumia propranolol au atenolol kwa presha au moyo huenda asitetemeke wala moyo usimdunde, jasho ndilo linabaki. Mwenye dawa hizo wenzake waambiwe waangalie jasho.

Kama mashine ya kupimia ipo na inasoma chini ya 4 (mmol/L), au mashine haipo na dalili zipo, usisubiri:

Gramu 15 za sukari ya haraka. Ni vijiko 4 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, kwenye maji nusu glasi. Au soda ya kawaida mililita 150, yaani kama nusu ya chupa ya kioo. Soma lebo, ile isiyo na sukari haina msaada wowote hapa.

Subiri dakika 15. Siyo dakika 3. Watu wanamimina chupa tatu za soda kwa sababu bado anatetemeka, saa moja baadaye anasoma 20. Pima tena, ikiwa bado chini ya 4 rudia gramu 15 zilezile.

Ikipanda, mpe kitu cha kushikilia: vipande viwili vya mkate, au ndizi na karanga, au chakula chenyewe kama muda umefika.

Akiwa hajitambui, usimtie kitu mdomoni. Si maji, si asali ya kijiko, si soda. Mlaze ubavu, mfungue shati, hospitali mara moja, na sema neno "insulini" mlangoni ili wasianze kutafuta malaria kwanza.

Halafu Fundi, kazi nzito yenyewe inashusha. Kazi ya zege isiyopangwa, ongeza gramu 15 hadi 30 za wanga kwa kila saa ya kazi. Ndizi mbivu moja ya wastani ni kama 25. Usichome pajani asubuhi ya siku ya kuchimba au kupanda ngazi, msuli ukifanya kazi dawa inafyonzwa haraka, choma tumboni. Na jioni ya siku hiyo pima kabla ya kulala, kwa sababu misuli inaendelea kuvuta sukari usiku.

---

Gia ya Tatu

Madereva mmetusahau.

Utaratibu wanaofundishwa madereva wa Uingereza wanaotumia insulini unaeleweka hata Chalinze: pima kabla ya kuwasha gari, na kila masaa mawili ukiwa safarini. Ikiwa 5 kwenda juu, nenda. Kati ya 4 na 5, kula kwanza. Chini ya 4, usiendeshe. Sukari ikishuka barabarani, simama pembeni, zima gari, toa ufunguo, hama kiti cha dereva, kunywa sukari. Ikisharudi 5 bado unasubiri dakika 45, kwa sababu ubongo unachelewa kurudi kuliko namba.

Sukari ikae mlangoni mwa dereva. Boda, mfuko wa kifua wa jaketi. Iliyo kwenye buti haipo.

---

Mtetezi wa Kazini

Nimesoma kimya, sasa niseme ya sheria kwa upande wa Tanzania bara, sekta zinazoguswa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Mapumziko: anayefanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo ana haki ya mapumziko ya angalau dakika 60. Kwa hiyo saa ya kula ya mkuu Kichupa tayari ipo kisheria; kinachobaki ni kuipanga *wakati gani*.

Usiku: kifungu cha 20. Usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mwajiri haruhusiwi kumpangia usiku mfanyakazi aliyethibitishwa na daktari kwamba hafai kufanya kazi usiku, na aliyekuwa usiku akapata cheti hicho anapaswa kuhamishwa, isipokuwa haiwezekani kiutendaji. Cheti ndicho kinachofungua mlango. Maneno ya mdomo kwa msimamizi hayafungui.

Likizo ya ugonjwa: kifungu cha 32. Siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Lazima cheti cha daktari. Zinahesabiwa hata zikichukuliwa kidogokidogo, kwa hiyo weka daftari lako, usitegemee la ofisini.

Kuachishwa kwa sababu ya ugonjwa: mwajiri anapaswa kwanza kuangalia ugonjwa ni wa kiasi gani, utadumu muda gani, na kama kazi inaweza kurekebishwa au kubadilishwa, na akusikilize. Akikuachisha bila utaratibu, fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipelekwe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Watu wanatumia siku 40 "kuongea na bosi kiutu uzima", wanafika Tume mlango umefungwa, wanaanza kuomba kuongezewa muda. Ongea naye, sawa, lakini fomu iende. Na mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga hiyo ya kuachishwa isivyo haki.

Sasa barua. Barua nyingi za madaktari zinaandikwa "mgonjwa huyu apewe kazi nyepesi". Bosi akisoma hivyo anaona mzigo. Mwombe daktari aandike mahitaji yanayopimika:

"Ale chakula cha mchana kati ya saa 6:30 na saa 7:30 kila siku."
"Aruhusiwe kuwa na mfuko wa dawa, kipimo na sukari mahali anapofanyia kazi."
"Asipangwe peke yake kwenye kimo au kwenye mashine inayozunguka."
"Hafai kwa zamu ya usiku kuanzia tarehe fulani, atapimwa upya baada ya miezi mitatu."

Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa uondoke nayo. Usimwombe bosi huruma, mwombe saa.

---

Thika Road

Kwa Kenya ni tofauti ndugu zangu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30: ukishamaliza miezi miwili mfululizo kazini, kiwango cha chini ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa kila miezi 12. Mkataba wako au wa chama unaweza kukupa zaidi, usome. Na umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, siyo siku unarudi.

---

Siri Yangu

Kwani ni lazima kuwaambia watu kazini? Ukishasema "kisukari" unaanza kuhesabiwa marehemu mtarajiwa.

---

Mtetezi wa Kazini

Jina la ugonjwa unaweza kulibakiza kwa daktari na ofisi ya utumishi. Lakini mtu mmoja wa zamu yako ajue mambo matatu: sukari iko mfuko upi, dalili zako ni zipi, na usitiwe kitu mdomoni ukizimia. Mmoja anatosha. Akihama zamu, mtafute mwingine siku hiyohiyo.

---

Nesi wa Ghorofa ya Pili

Hapo mimi naona wawili. Mmoja siku akiwa mapumzikoni ndiyo siku utakayoshuka.

---

Binti wa Unguja

Naomba la Ramadhani jamani, maana kila mwaka wodi zinajaa.

---

Duka la Dawa Baridi

Kwanza ruhusa ipo ndani ya Qurani yenyewe, mgonjwa anahesabu siku nyingine. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza yumo kwenye kundi la hatari kubwa na ushauri wa kitabibu kwake ni asifunge. Ambaye bado amenuia, aende kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwandamo.

Kwa mchanganyiko wa mara mbili, mpango unaotumika sana ni huu: dozi kubwa ya asubuhi inahamia futari, ile ya jioni inahamia daku ikiwa imepunguzwa kwa robo hadi nusu. Kosa linalojaza wodi ni mtu kuchoma dozi kamili ya asubuhi wakati wa daku na kisha kushinda njaa. Daku icheleweshwe mpaka mwisho wa muda.

Kujipima kidole hakuvunji funga. Fungua mara moja ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

---

Vidonge Tu

Sisi wa vidonge tuna haja na uzi huu?

---

Duka la Dawa Baridi

Inategemea kidonge. Metformini peke yake ni nadra kushusha chini. Shida yake ni tumbo, meza katikati ya mlo. Glibenclamide ndiyo ya kuangalia: inaisukuma kongosho hata kama hujala, na kwa mzee au mwenye figo dhaifu inakaa mwilini muda mrefu. Aliyezimia kwa glibenclamide akazinduka kwa dripu asirudishwe lindoni jioni ileile, sukari inaweza kushuka tena. Akae chini ya uangalizi.

Ukitapika au kuharisha sana, metformini simamisha mpaka unywe na kula kawaida, na ongea na kliniki. Insulini ni kinyume: usiiache kabisa, hata kama huli. Mwili ukiugua sukari inapanda yenyewe, na wa aina ya kwanza akikosa insulini anatengeneza ketoni (tindikali inayojaa kwenye damu), anaanza kutapika na kuhema kwa kina. Huko ni hospitali, siyo maji ya dafu.

Na kabla hamjauliza: mlonge, mdalasini, maji ya bamia, hakuna kimoja kinachochukua nafasi ya kichupa.

---

Fundi Mabati

Buti je? Tunashinda na buti za mpira.

---

Nesi wa Ghorofa ya Pili

Kabla ya kuvaa, geuza buti uligonge chini, kisha ingiza mkono wote mpaka kwenye vidole. Mguu uliopungua hisia hausikii msumari wala kokoto. Soksi kavu, mshono usikae juu ya vidole, na ya pili iwe kwenye begi. Zege likiingia ndani ya buti livue hapohapo na uoshe kwa maji mengi, saruji mbichi inaunguza ngozi taratibu na wewe huhisi. Jioni tazama nyayo kwa kioo kidogo. Kiatu kipya nunua jioni mguu ukiwa umevimba.

---

Soko Kuu

La mwisho kwangu: vijiti vya kupimia ni ghali, mtu ana kimoja kwa siku. Akitumie saa ngapi? Na mbona wauza matunda mashine zinawasomea 18 wakati wako vizuri tu?

---

Kichupa

La pili kwanza. Juisi ya embe au chungwa kwenye kidole ni sukari tupu, na mashine inasoma kila kilichopo. Spiriti haiondoi vizuri, na isipokauka inaongeza makosa. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, toboa pembeni ya kidole, siyo katikati. Huna maji? Futa tone la kwanza, pima la pili. Mashine ikisoma namba kama 180 au 250 usizimie, imewekwa kwa miligramu. Gawanya kwa 18, 180 ni 10.

Kijiti kimoja kwa siku: anayeendesha au kupanda juu, kitumike kabla ya hapo, basi. Wengine zungusheni: siku tatu kabla ya chai, siku tatu kabla ya chakula cha mchana, tatu kabla ya cha jioni, tatu kabla ya kulala. Baada ya siku 12 una picha ambayo daktari anaweza kuisoma. Ukipima kila siku asubuhi tu, mchana wako wote ni giza kwake.

Kopo la vijiti lifungwe palepale, unyevu unaviharibu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ile ya dawa ya kufulia inafaa. Ikifika robo tatu, ifunge na uipeleke kliniki siku ya kuchukua dawa, isiende kwa wazoa taka.